Uchumi ukidorora, utajuaje kama utainuka haraka? Namna ya kupima, kwa hesabu za Kenya

Uchumi ukianguka, mwenye duka, mwenye kiwanda na anayetafuta kazi huuliza swali moja: hali hii itachukua muda gani? Serikali hujibu kwa asilimia ya ukuaji, magazeti huichapa kwa herufi kubwa, na wengi wetu huishia hapo. Asilimia hiyo ikisomwa peke yake hupotosha, na hupotosha zaidi katika mwaka ule ule ambao watu wanaihitaji zaidi, yaani mwaka wa kwanza baada ya anguko.

Hapa tunaonyesha namna ya kupima mwenyewe. Takwimu zote hutolewa bure: Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya (KNBS), Benki Kuu ya Kenya (CBK) na Hazina Kuu, na kwa Tanzania Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Kikokotoo cha simu kinatosha, ingawa Excel hurahisisha. Mfano mkuu ni mdororo wa Kenya wa 2020, kwa kuwa umeshapita na tunaweza kuona ni dalili zipi zilisema kweli na zipi zilidanganya.

Kabla ya kuanza, chukua pato la taifa la miaka mitano kabla ya anguko, kwa bei za mwaka wa kizio, yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa zinazotumika kuhesabia miaka yote. Usichukue bei za sasa, kwani hizo zimebeba mfumuko wa bei ndani yake na zitakuonyesha ukuaji ambao haupo. Chukua pia takwimu za robo mwaka, na mgawanyo wa pato kwa sekta.

Kwanza: geuza asilimia kuwa kiwango

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tazama sekta ya malazi na huduma za chakula, yaani hoteli, mikahawa na vibanda vya chakula. KNBS iliripoti kwamba sekta hiyo ilinywea kwa asilimia 47.7 mwaka 2020, kisha ikakua kwa asilimia 52.5 mwaka 2021. Anayesoma haraka ataona 52.5 ni kubwa kuliko 47.7, na kuhitimisha kwamba hoteli zimerudisha walichopoteza na chenji juu. Sasa piga hesabu. Weka mwaka 2019 kuwa 100. Toa 47.7, unabaki na 52.3. Zidisha 52.3 kwa 1.525, unapata 79.8. Baada ya ule mwaka wa "kukua kwa nusu", sekta ilikuwa bado imepoteza moja ya tano ya biashara yake. Ili irudi 100 ilihitaji kukua kwa asilimia 91, si 52.

Kanuni yake ni nyepesi: gawa anguko kwa kile kilichobaki. Ukipoteza 5 kati ya 100, unahitaji kukua kwa 5 ÷ 95, yaani asilimia 5.3. Ukipoteza 20 unahitaji 25. Ukipoteza nusu unahitaji kukua maradufu. Anguko dogo karibu halina tofauti na ukuaji unaolifidia. Anguko kubwa lina tofauti ya kutisha, na ndiyo maana sekta zilizopigwa vibaya hutoa asilimia za kupendeza sana mwaka unaofuata bila mwenye hoteli kuuona huo uzuri.

Fanya hivyo hivyo kwa robo mwaka. Robo ya pili ya 2021 KNBS ilitangaza ukuaji wa asilimia 10.1. Lakini robo hiyo ililinganishwa na robo ya pili ya 2020, ambayo ilikuwa imeshuka kwa asilimia 4.7, wakati shule zilikuwa zimefungwa na Nairobi na Mombasa hazina njia ya kuingia wala kutoka. 100 × 0.953 × 1.101 ni 104.9. Kwa hiyo katika miaka miwili uchumi ulikua kwa karibu asilimia 5 tu, wastani wa chini ya 2.5 kwa mwaka. Kabla ya korona Kenya ilikuwa ikikua kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Ile 10.1 ilikuwa habari njema, ila haikuwa habari ambayo kichwa cha habari kilidai.

Mazoea mazuri: kila ukiona ukuaji wa mwaka wa kwanza baada ya mdororo, tafuta takwimu ya robo hiyo hiyo miaka miwili nyuma. Kama ripoti haiitaji, ikokotoe.

Pili: chora njia ambayo uchumi ungepita

Kurudi pale ulipokuwa ni jambo moja. Kurudi pale ambapo ungekuwa leo kama anguko lisingetokea ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linaloamua ajira na mishahara, kwa sababu watu wanaongezeka na vijana wanamaliza shule kila mwaka bila kusubiri uchumi.

Andika safu mbili. Ya kwanza ni njia ya zamani: anza na 100 mwaka 2019 na zidisha kwa 1.05 kila mwaka. Utapata 105.0 mwaka 2020, 110.3 mwaka 2021, 115.8 mwaka 2022, 121.6 mwaka 2023 na 127.6 mwaka 2024. Safu ya pili ni kilichotokea: pato lilishuka kwa 0.3 mwaka 2020, likakua kwa 7.6 mwaka 2021, 4.9 mwaka 2022, 5.7 mwaka 2023 na 4.7 mwaka 2024. Ukizidisha kwa mfuatano unapata 99.7, 107.3, 112.5, 119.0 na 124.5.

Toa safu moja kwenye nyingine. Pengo lilikuwa pointi 5.3 mwaka 2020. Mwaka 2021 likapungua hadi pointi 3. Mwaka 2024 lilikuwa bado karibu pointi 3 zile zile.

Kwa maoni yetu, safu hizo mbili zinaeleza miaka hiyo ya Kenya vizuri kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Uchumi ulidunda haraka mwaka mmoja, kisha ukaendelea kutembea kwa mwendo wa zamani, sambamba na njia yake ya awali lakini chini yake. Aliyeuliza mwaka 2020 "tutarudi lini tulipokuwa?" alistahili jibu la "ndani ya mwaka mmoja". Aliyeuliza "tutafidia lini tulichopoteza?" mpaka 2024 alikuwa bado hajajibiwa.

Usisahau vichwa vya watu. Sensa ya 2019 ilionyesha Wakenya wanaongezeka kwa takriban asilimia 2.2 kwa mwaka. Ukitoa hiyo, lile anguko dogo la 0.3 linakuwa hasara ya karibu asilimia 2.5 kwa kila mtu. Tanzania, kwa takwimu rasmi, haikuwa na mdororo kabisa mwaka 2020: ilikua kwa asilimia 4.8, ikitoka 7.0 mwaka 2019. Lakini sensa ya 2022 ilitoa ongezeko la watu la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kila Mtanzania, ukuaji ulikuwa kama asilimia 1.6 tu. Nchi inaweza kukua huku raia wake wakiona hakuna kilichosogea, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Tatu: uliza nini kiliangusha

Muda wa kupona hutegemea zaidi sababu ya anguko kuliko ukubwa wake. Swali la kuuliza ni hili: mlango ukifunguliwa kesho asubuhi, je, kila kinachohitajika ili kuzalisha bado kipo? Mashine zipo, wafanyakazi wapo, barabara zinapitika, mbegu zipo, na aliye na biashara bado ana mtaji?

Kama uchumi umefungwa kwa amri au kwa ugonjwa, jibu mara nyingi ni ndiyo, na sehemu kubwa hurudi ndani ya robo mbili au tatu. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, wanafunzi wa madarasa ya mitihani wakarudi Oktoba na wengine wote Januari 2021. Madarasa hayakuwa yamebomoka wala walimu wa umma hawakuwa wamefutwa. Huduma ya elimu ikarudi karibu siku moja, na ikachangia pakubwa ule ukuaji mkubwa wa robo ya pili ya 2021. Ukuaji wa namna hiyo huja mara moja tu. Usiuchukue ukaupeleka mbele kama mwendo wa kudumu.

Kama ni ukame, kilimo hurudi na msimu mmoja mzuri wa mvua, lakini mifugo hairudi hivyo. Mahindi unavuna ndani ya miezi. Kundi la ng'ombe lililokufa Marsabit au Kajiado huchukua miaka kujengwa upya. Tofautisha hayo mawili unaposoma takwimu za kilimo.

Kama ni vurugu, vitu vimeharibika na watu wamehama. Kenya ya 2008 ndiyo mfano: ghasia za baada ya uchaguzi, kisha ukame, kisha msukosuko wa fedha wa dunia, vyote vikifuatana. Kwa takwimu zilizorekebishwa baadaye, ukuaji ulikuwa asilimia 0.2 mwaka 2008, 3.3 mwaka 2009, na 8.4 mwaka 2010. Mapatano ya kisiasa yalitiwa saini Februari 2008, ila ilichukua miaka miwili mizima uchumi kuinuka sawasawa, maana kila ulipojaribu kusimama pigo jingine lilikuja.

Na kama ni mabenki na madeni, jiandae kwa safari ndefu. Marekani imeonja aina zote mbili. Mdororo wa 2020, kwa tarehe za NBER, taasisi inayoamua mambo haya huko, ulidumu miezi 2 tu, Februari hadi Aprili, na ajira zikarudi kiwango cha awali katikati ya 2022, japo ukosefu wa ajira ulikuwa umepita asilimia 14. Ule wa Desemba 2007 hadi Juni 2009 ulitokana na mikopo ya nyumba na mabenki. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 tu, lakini ajira hazikurudi hadi 2014. Wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walipopima migogoro 100 ya mabenki waliona kipato cha mtu kilichukua wastani wa miaka 8 kurudi. Anguko la kina kirefu lisilogusa mabenki hupona kabla ya anguko la wastani lililoyagusa.

Nne: chungulia mifuko mitatu

Sababu ikishajulikana, tazama nani ana uwezo wa kusukuma. Mifuko ni mitatu: wa serikali, wa mabenki, na wa fedha za kigeni.

Mfuko wa serikali. Mwaka 2020 Kenya ilikuwa na nafasi kiasi. CBK ilishusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 mwezi Machi, kisha 7.0 mwezi Aprili. Ilipunguza pia kiwango cha akiba ambacho mabenki hulazimika kukiweka kwake, kutoka 5.25 hadi 4.25, na hatua hiyo peke yake iliachia mabenki shilingi bilioni 35.2. Serikali ikapunguza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14 na kufuta kodi ya mshahara kwa anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. VAT ilirudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021.

Andika tarehe za hatua hizi, kwa sababu zinaharibu ulinganisho. Makusanyo ya VAT yakipanda Januari 2021, sehemu ya kupanda huko ni kiwango kipya wala si mauzo. Gawanya makusanyo kwa kiwango cha kodi kabla ya kulinganisha miezi.

Kupima nafasi iliyobaki, chukua malipo ya deni, riba pamoja na deni lenyewe, uyagawe kwa mapato ya kodi. Kenya imekuwa ikitumia zaidi ya nusu ya kodi kulipa deni katika miaka ya karibuni. Nchi iliyofika hapo haina cha kumwaga sokoni pigo la pili likija, na pigo la pili lilikuja: ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba, vita vya Ukraine kupandisha mafuta na mbolea mwaka 2022, kisha hofu ya deni la Eurobond, yaani hati fungani zilizouzwa kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024. Shilingi ilifika karibu 160 kwa dola Januari 2024, na riba ya CBK ikapandishwa hadi asilimia 13 Februari. Hapo ndipo penye jibu la kwa nini zile pointi 3 hazikufidiwa.

Kuna kipimo kimoja cha serikali ambacho watu hukisahau: madeni ya wazabuni na wakandarasi ambao hawajalipwa. Serikali isipolipa, mkandarasi hamlipi fundi wala muuza kokoto, na benki ya mkandarasi inabaki na mkopo usiorudi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoa kiasi hicho kwa serikali kuu na kaunti. Kikipanda robo hadi robo, punguza matumaini yako hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Mfuko wa mabenki. Tazama namba mbili pamoja. Ya kwanza ni mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa, kama sehemu ya mikopo yote. Kenya ilikuwa na takriban asilimia 14 mwishoni mwa 2020, kiwango kilichokuwa juu tayari. Na hata hiyo haikuonyesha yote, kwa sababu CBK iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika, na mpaka mapema 2021 zaidi ya nusu ya mikopo yote ilikuwa imepangwa upya. Mkopo uliosogezwa mbele hauhesabiwi kuwa chechefu. Hatua yenyewe ilikuwa ya busara na iliokoa biashara nyingi, ila msomaji wa takwimu anapaswa kujua kwamba kwa mwaka mzima kipimajoto kilikuwa kimefunikwa.

Ya pili ni ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Utoe mfumuko wa bei. Ukibaki na sifuri au chini, biashara hazipanuki. Mwishoni mwa 2024 ukuaji huo nchini Kenya ulishuka chini ya sifuri, ingawa CBK ilikuwa imeshaanza kushusha riba tangu Agosti. Sababu zilikuwa mbili, na zinatofautiana sana kwa uzito. Shilingi ilipoimarika, mikopo iliyotolewa kwa dola ilionekana kupungua ikigeuzwa kuwa shilingi. Hilo ni la kwenye karatasi tu. Lakini pia mabenki yalikuwa yameona hati za serikali za siku 91 zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya mwaka huo, na hakuna meneja wa benki anayekimbilia kumkopesha mwenye karakana wakati Hazina inalipa hivyo bila usumbufu. Riba ya Benki Kuu ikishuka, usitarajie mkopo wa dukani ushuke mwezi huo huo. Subiri robo mbili au zaidi, na uangalie kwanza hati za serikali.

Mfuko wa fedha za kigeni. Kenya ilitarajiwa kuumia mwaka 2020 kwa kuwa watalii walikatika: kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi takriban 580,000. Kilichookoa ni fedha za diaspora, ambazo badala ya kushuka zilipanda kutoka dola bilioni 2.8 hadi 3.09, kisha 3.7 mwaka 2021. Zaidi ya nusu yake hutoka Amerika ya Kaskazini, ambako serikali zilikuwa zikigawa pesa za kujikimu. Tanzania nayo ilipoteza watalii, kutoka milioni 1.53 hadi 620,867, lakini dhahabu ilikuwa ghali mwaka huo na mauzo yake yakaziba sehemu kubwa ya shimo.

Somo la kivitendo: usiorodheshe tu sekta zilizopigwa. Orodhesha na zile zinazoleta dola wakati dunia nzima ina hofu. Nchi yenye moja ya namna hiyo hupumua. Isiyo nayo hulazimika kubana uagizaji, na kubana uagizaji ni kubana viwanda vyake yenyewe. CBK hutoa akiba ya fedha za kigeni kila wiki, pamoja na idadi ya miezi ya uagizaji inayoweza kugharamiwa. Kiwango cha chini kwa Kenya ni miezi 4, na lengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 4.5.

Tano: dalili za haraka, na zipi za kuamini

Pato la taifa huja limechelewa. KNBS hutoa robo ya kwanza mwishoni mwa Juni, ya pili mwishoni mwa Septemba, ya tatu mwishoni mwa Desemba. Unasoma habari za miezi mitatu iliyopita. Kwa sasa hivi, tumia zinazotoka kila mwezi.

PMI, kipimo cha hali ya biashara cha benki ya Stanbic kwa Kenya, hutoka siku za mwanzo za mwezi. Huwauliza wasimamizi wa ununuzi wa kampuni kama oda, uzalishaji na ajira vimepanda au kushuka kuliko mwezi uliotangulia. 50 maana yake hakuna mabadiliko. Aprili 2020 ilishuka hadi 34.8, Oktoba 2020 ilipanda hadi 59.1. Hiyo 59.1 haimaanishi biashara ilikuwa nzuri sana. Ilimaanisha kampuni nyingi zilikuwa na mwezi bora kuliko mwezi mbaya uliopita. Aprili 2021 ikaanguka tena hadi 41.5, pale kaunti tano zikiwemo Nairobi na Nakuru zilipofungwa. Ilikuwa ya kwanza kuonyesha pigo na ya kwanza kuonyesha nafuu. Ina kasoro moja ya kiufundi: kuchelewa kwa mizigo huhesabiwa kuwa dalili njema, kwa dhana kwamba wauzaji wamezidiwa na oda. Meli na malori yanapokwama kwa ugonjwa, hesabu hiyo inapandisha alama bila sababu. Tazama oda mpya peke yake.

Umeme unaotumiwa na viwanda na biashara ni dalili tunayoiamini zaidi. Hauna ushabiki, na ni vigumu kuutumia bila kufanya kazi.

Saruji ilidanganya. Matumizi yake Kenya yalipanda mwaka 2020 wakati pato la taifa linashuka, kwa kuwa barabara za serikali na ujenzi wa nyumba viliendelea. Saruji hupima ujenzi, na ujenzi wa serikali hufuata bajeti, haufuati hali ya wananchi.

M-Pesa ilidanganya zaidi. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutuma hadi shilingi 1,000 hakukuwa na ada, na watu walihimizwa wasishike noti. Miamala iliruka. Aliyesoma mruko huo kama nafuu ya uchumi alikuwa akisoma bei ya huduma.

Kilimo usome peke yake. Kinabeba zaidi ya moja ya tano ya pato la Kenya na kinafuata mvua. Mwaka 2020 kilikua huku mengine yakianguka. Mwaka 2021 kilishuka kidogo huku mengine yakiinuka. Kokotoa ukuaji bila kilimo kila mara, la sivyo utasifu sera kwa kazi ya mawingu, au uilaumu kwa kosa la jua.

Sita: ajira hukawia, na hurudi zimebadilika

Ukosefu wa ajira nchini Kenya uliruka kutoka asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020 hadi 10.4 robo ya pili. Jumla ya walioajiriwa, ukiondoa kilimo kidogo na ufugaji, ilishuka kutoka milioni 18.1 mwaka 2019 hadi 17.4 mwaka 2020, kisha ikafika milioni 18.3 mwaka 2021. Ukitazama idadi tu, zimerudi. Lakini kati ya ajira mpya 926,100 za 2021, takriban 753,800 zilikuwa za juakali, yaani sekta isiyo rasmi. Mhudumu wa hoteli ya Diani aliyekuwa na mshahara, bima na likizo, ambaye sasa anauza nguo kando ya barabara, anahesabiwa mmoja na mmoja. Linganisha ajira rasmi na ajira rasmi.

Saba: andika utabiri wenye namba

Sasa unaweza kutabiri. Gawa pengo kwa ukuaji wa ziada juu ya mwendo wa zamani. Pengo la Kenya mwisho wa 2020 lilikuwa pointi 5.3 na mwendo wa zamani asilimia 5. Kwa ukuaji wa asilimia 7 kila mwaka, unafidia kama pointi 2 kwa mwaka, kwa hiyo miaka miwili na nusu hadi mitatu. Kwa asilimia 6, zaidi ya miaka mitano. Kwa asilimia 5, kamwe. Waziri akiahidi kupona "katika muda wa kati" kwa ukuaji wa asilimia 5.5, hesabu yake inasema zaidi ya miaka kumi.

Andika hali tatu, ya kati, nzuri na mbaya, na kila moja uipe uwezekano: kwa mfano 50, 20 na 30. Hali mbaya ipe uzito mkubwa kuliko nzuri. Mapigo Afrika Mashariki hayaji moja moja, na mvua haba ndani ya miaka mitatu yoyote ni jambo la kawaida, haistahili kuitwa dharura. Pembeni andika ni nini kitakachokufanya ubadilishe mawazo, kwa mfano: oda mpya za PMI chini ya 50 kwa miezi mitatu, mikopo ya sekta binafsi chini ya mfumuko wa bei kwa robo mbili, au akiba ya dola chini ya miezi 4.

Kila robo ikitoka, rekebisha safu yako yote kuanzia mwanzo, usiongeze mstari wa mwisho tu, kwani KNBS hurekebisha pia robo zilizopita. Na ikibadilisha mwaka wa kizio, usiunganishe mfululizo mpya na wa zamani. Mabadiliko ya Septemba 2014 yalikuza pato la Kenya kwa takriban asilimia 25 kwa siku moja. Mfululizo wa kizio cha 2016 ulipoanza kutumika, robo ya pili ya 2020, iliyokuwa imetangazwa kuwa imeshuka kwa 5.7, ikawa imeshuka kwa 4.7. Pakua mfululizo mpya mzima, futa wa zamani, na uanze tena na 100.